Ganda Halitupwi

Katika duka langu la dawa pale Nguvumali, mjini Tanga, hakuna mteja anayesema kapsuli. Wanasema rangi mbili. "Nipe rangi mbili za kifua." "Zile rangi mbili za juzi zimekwisha." Hata dawa ikiwa na rangi moja, nyeupe pe, itaitwa rangi mbili tu. Nilipotoka chuoni nilikuwa nikiwasahihisha watu, mpaka siku moja mzee mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimekuja kununua dawa, sikuja darasani." Tangu siku hiyo nami nasema rangi mbili.

Jambo moja tu sikuliachia, nalo ni ganda. Ile nguo ya nje ya rangi mbili, inayoteleza ikilowa, kila mtu anaiita ganda, nami naiita hivyo. Na kwetu ganda ni la kutupwa. Ganda la chungwa, la ndizi, la yai, la muhogo. Mtu mzima haketi kitako akala maganda. Basi ukimpa mtu dawa, ukamwambia kwa mdomo wako kwamba imo ndani ya ganda, usishangae akienda kuimenya. Wapo wanaoifungua wakamwaga unga kwenye kijiko, wakatia na sukari. Hao huwagombeza palepale dirishani. Nina sauti kubwa, nimeirithi, na mtaa mzima umenizoea. Wanasema dawa za yule mwanamke nzuri, ila sindano yake iko mdomoni.

Nimewagombeza watu wengi kwa ajili ya ganda. Mama yangu mzazi sikuwahi kumwambia neno, kwa kuwa hata haikunipitia akilini kwamba naye anahitaji kuambiwa.

Mama anaishi Ushongo, upande wa Pangani, na ni mkulima wa mwani. Yeye na wanawake wenzake wa kikundi hushuka maji yakitoka, kanga zimekazwa kiunoni, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Vikikua huvuna, huanika, hutia kwenye magunia, na gari huja kuyachukua. Unakwenda wapi mwani ule na watu wanaufanyia nini, hilo halikuwa jambo la kumkosesha Mama usingizi. Nilimuuliza siku moja, akasema, "Wazungu wanaula. Au wanawapa kuku wao, sijui mimi."

Ramadhani ya mwaka jana alitapika damu. Ilikuwa mchana, nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji. Akaifukia kwa mchanga, akasukutua mdomo, akaendelea na saumu yake mpaka magharibi, kwa hoja kwamba aliyetapika bila kukusudia hakufungua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na mtani wake, mwanamke wa nyumba ya pili ambaye wametaniana tangu wote wawili wana meno yao yote. Mtani aliuona mchanga mwekundu, akachukua simu, akanipigia. "Njoo umchukue mzee wako," akaniambia, "naona anataka kufa kabla hajanilipa kuku wangu." 

Nilimleta mjini, hospitali ya mkoa. Wakampitishia mpira wenye kamera mpaka tumboni, wakaviona vidonda. Vidogo viwili vitatu na kimoja kirefu, kibaya. Daktari alikuwa kijana mpole, akatueleza sote wawili bila kuficha. Mama angetumia dawa kila asubuhi kabla ya kula, kisha tungerudi aangaliwe tena. Kile kidonda kirefu kisipoziba, wangekata kipande wakakipime, na pengine ingekuwa kisu. Na asifunge mpaka viwe vimepona.

Katika yote hayo, Mama alisikia neno moja tu. Amefunga tangu hajavunja ungo, na zile siku ambazo Mungu amewasamehe wanawake amezilipa zote, hana deni hata moja. Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akaniuliza, "Kwa hiyo Ramadhani ijayo nafunga?"

"Vikipona, Mama."

"Basi vitapona," akasema, kana kwamba ameshapatana navyo.

Dawa nilimtumia kwa mkono wa watu, kutoka dukani kwangu mwenyewe, ile iliyoandikwa na daktari, rangi mbili kweli, nyekundu na nyeupe. Kila nilipopiga simu nilimuuliza kama anatumia. Alikuwa anatumia. Wakati wa kuangaliwa ukafika, tukarudi, mpira ukapita tena. Daktari aliitazama ile picha kwenye skrini muda mrefu, kisha akamgeukia.

"Mama, dawa unatumia sawasawa?"

"Nakunywa, baba. Kila siku asubuhi, kabla sijatia kitu kinywani."

Kidonda kirefu kilikuwa palepale. Nilimwona daktari anavyokunja midomo. Alisema tujaribu duru moja zaidi, mwisho kabla ya Shaabani kwisha na Ramadhani kuingia, baada ya hapo hatutasubiri. Mama alikuwa amekonda, viganja vyake vimepauka. Njiani alikuwa akihesabu kwenye vidole miezi iliyobaki kufikia Ramadhani.

Mimi hasira zangu zilimwangukia aliyeniuzia dawa kwa jumla. Nilimpigia, nikamwambia amenipa dawa feki, amenipa unga wa muhogo, mama yangu anakufa na yeye anakula wali. Maskini alijitetea mpaka akachoka. Nikachukua boksi jipya kwa muuzaji mwingine, na safari hii sikumtuma mtu. Nikafunga duka, nikaenda Ushongo mwenyewe bila kumwarifu.

Nilimkuta jikoni. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, mbona ghafla?" Alikuwa ameketi kwenye kibao, mbele yake kinu kidogo cha kutwangia hiliki, chekeche la chai, kopo la asali, na sahani ya bati. Kwenye ile sahani kulikuwa na maganda ya rangi mbili, mekundu na meupe, matupu, yamepangwa vizuri kama vikombe vya wageni. Pembeni kulikuwa na unga mweusi kwenye karatasi. Alikuwa anauchota kwa ncha ya njiti ya kiberiti, anaujaza ndani ya ganda, kisha anafunika kwa ganda la pili.

Nikauliza ule unga ni nini.

"Shubiri. Nimeikausha nikaitwanga. Wenzangu wa kwenye mwani wasumbuliwa na chango, na shubiri hainyweki kwa uchungu. Ukiitia humu yapita, ulimi haujui kitu." Akanionyesha moja iliyokwisha kufungwa, na kwa kweli ilikuwa imefungwa kwa ustadi, huwezi kuijua na ya kiwandani. "Waniita daktari siku hizi."

"Na dawa yako, Mama? Iliyokuwa humo?"

"Nakunywa. Sikwambii uongo." Akavuta kinu. "Ndani mna vipunje vidogo kama mtama. Nikivila vilivyo vyaingia chini ya haya meno ya bandia, vyaniumiza. Basi navitwanga, nachanganya na asali, nakunywa. Sibakishi hata chembe."

"Na ganda?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nani anakula ganda, mwanangu?"

Nilipiga kelele. Nilisema nimegombana na watu, nimemtukana mfanyabiashara asiye na kosa, nimekesha nalia nikidhani ana ugonjwa usiotamkika, kumbe yuko hapa anatwanga dawa kama hiliki ya pilau. Nilisema mengi, na mtu hamwambii mama yake maneno yale. Mama aliendelea kufunga kifuniko cha ganda alilokuwa nalo mkononi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa nieleze, usinipigie kelele. Kosa langu liko wapi? Dawa imo tumboni au haimo?"

Lilikuwa swali la haki, na mtu anayeuza dawa anapaswa kulijibu. Nikaomba ndimu. Nikazikamua kwenye bilauri, nikamwambia hili ndilo tumbo lako, kali namna hii, tena kali zaidi. Nikatwanga vipunje vya rangi mbili moja kama anavyofanya yeye, nikavimwaga ndani. Tukakaa tunaangalia. Taratibu ule unga mweupe ukaanza kubadilika, ukawa na rangi ya zambarau iliyooza, kisha ukazidi kuwa mweusi. Kwenye bilauri ya pili nilitia vipunje vizima. Vikazama chini vikakaa, vyeupe vilevile.

Nikamweleza kwamba kila kipunje kimevikwa ngozi yake nyembamba. Ngozi ile haiogopi ukali wa tumbo. Inakivusha kipunje mpaka kwenye utumbo, ambako hakuna ukali, na huko ndiko inakovuliwa na dawa ikaingia mwilini. Ukivitwanga unavivua nguo mlangoni. Dawa inaungua kabla haijafika kazini.

Nikatia vile vizima kwenye maji ya magadi ili aone na upande wa pili. Vikaanza kulegea, kisha vikayeyuka kabisa. Mama akainamia bilauri, pua yake karibu iguse.

"Kumbe nimekuwa nikinywa jivu," akasema.  "Miezi yote hii."

"Utameza nzima, na ganda lake. Halitupwi, Mama."

"Nitameza." Akachukua moja kwenye boksi jipya, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. "Na hili ganda lenyewe limefanywa kwa nini?"

Hapo ndipo nilipotamani angeuliza kitu kingine chochote. Lile ganda lilikuwa la jelatini. Boksi limeandikwa hivyo, basi. Jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, na boksi halikusema mnyama gani. Ningeweza kumwambia ni ng'ombe. Angemeza mbele yangu, nami ningelala usingizi wangu. Ulimi ulishafika kwenye neno lenyewe. Lakini nilimwona alivyoshika kile kitu kwa vidole viwili, akinisubiri, amekwisha kuamini kabla sijasema, nikashindwa.

"Mifupa na ngozi," nikasema. "Huenda ng'ombe. Huenda nguruwe. Sijui, Mama. Hawakuandika."

Aliirudisha ndani ya boksi. Kisha akaitazama ile sahani ya bati na maganda yake yaliyojazwa shubiri, na nikaona uso wake unavyobadilika. Hakuwa anajifikiria yeye. "Nimewapa watu," akasema. "Nimewalisha wenzangu."

Nilimwambia ni dharura, dawa ina hukumu yake, hata masheikh wanaruhusu penye ugonjwa pasipo na namna nyingine. Akasema dharura ni ya mgonjwa anayekufa, si ya mwanamke mwenye chango, na ya kwake yeye Mungu ataiangalia, ila ya wenzake ameibeba yeye shingoni. Akanawa mikono, akajitanda ushungi, akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale aliowapa. Nilimfuata nyuma kwa mbali kidogo, maana niliona haya. Kila mahali aliketi, akasalimia, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Yale maganda niliyokupa, mwanangu asema huenda mna nguruwe, hana hakika. Mimi sikujua. Naomba radhi." Basi. Hakuongeza pambo. Wengine walisema astaghafiru, wengine walisema si kitu, mmoja alinuna na hakuficha.

Kwa mtani ndiko alikochelewa kuingia. Mtani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Toka siku ile najisikia nakoroma. Nikadhani uzee." Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, kisha machozi yakamtoka, na mtani akamvuta pembeni yake kwenye mkeka bila utani wowote.

Nilirudi Tanga nikiwa na boksi lile, limepungua chache tu. Mama alikuwa amejaribu kumeza vipunje vizima kwenye kijiko cha uji, bila ganda, mbele yangu. Vingine vilikwenda, vingine vikanasa kwenye meno ya bandia, akavitafuna. Akavua meno, ikawa vurugu nyingine. Muda ulikuwa unakwenda, kidonda kiko palepale, na Ramadhani haimsubiri mtu.

Nikiwa dukani, nimeudhika, namhudumia mteja bila hata kumgombeza, nikakumbuka semina. Zamani kidogo tuliitwa wenye maduka ya dawa, akaja mtaalamu wa chuo kutufundisha. Alizungumza baada ya chai na kabla ya pilau, saa mbaya kwa mwalimu yeyote. Alisema baharini kuna vitu vinavyojua kubeba dawa. Ute wa mwani mwekundu, ule unaolimwa. Ute wa mwani kahawia, ule unaoota wenyewe miambani. Maganda ya kamba na ya kaa, yakisafishwa na kusagwa. Vyote hivyo, alisema, ni kama sukari zilizoshikana mikono kwenye mlolongo mrefu. Vikipata maji huvimba na kushikamana, vikaikumbatia dawa na kuiachia kidogo kidogo, na watu wanavitumia kwenye kidonda, kwenye jicho, na tumboni. Akasema vipo vya kutengenezea maganda ya kapsuli badala ya jelatini. Mimi wakati ule nilikuwa nasikiliza harufu ya pilau. Lakini kumbe sikio lilikuwa limebaki na mhadhiri.

Nilipiga simu Dar es Salaam kwa wauzaji mbalimbali, nikaambiwa hakuna, nikaambiwa ndiyo nini hiyo, mpaka nikampata mmoja anayewauzia watu wa habasoda na unga wa mlonge. Alikuwa na maganda matupu, yasiyo na dawa ndani, meupe yanayopenyeza mwanga. Nikamwambia anisomee maandishi yote ya kwenye mfuko, polepole. Akasoma. Vitu vya mimea vitupu, na kinachoyashikisha ni ute wa mwani mwekundu. Hakuna mnyama. Nilimfanya arudie. Kisha nikampigia yule daktari kijana, nikamuuliza kama naweza kuhamisha vipunje kutoka ganda hadi ganda. Akafikiri, akauliza kwa wafamasia wa hospitali, akanirudia: mradi visipondwe na mikono iwe safi na mikavu, hakuna ubaya.

Nilipompelekea maganda yale Ushongo, Mama hakuamini. "Mwani? Mwani huuhuu?"

"Huuhuu, Mama. Wa kwenu au wa wengine, sijui umetoka bahari ipi, lakini ndugu yake huo."

"Mwani unaonuka vile, ndio uwe kioo hiki?" Akalibonyeza ganda, likabonyea, likarudi. Mtani, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akasema haya ni mambo ya kumtapeli mzee wa watu. Basi Mama akasema hakuna haja ya kubishana wakati moto upo. Akachukua mwani wake mwenyewe, uliokauka, akauosha mara nyingi mpaka chumvi ikaisha, akauchemsha kwa muda mrefu kwenye sufuria, akauchuja kwa kitambaa. Akaumimina kwenye sinia, tukaenda zetu kuswali adhuhuri. Tuliporudi ulikuwa umeganda. Mama aliinua ukingo kwa kidole, akauvuta, na ukatoka ukiwa kipande kizima, chenye rangi ya chai hafifu, kinachotikisika. Akaushikilia juu ya mwanga wa mlango, akatazama upande wa pili kupitia humo. Miaka yote hiyo ameufunga kwenye kamba, ameupigania na samaki wanaoula, ameuanika na kuuanua mvua ikija, na gari likija anaufunga ndani ya gunia na kuaga.

"Si chakula cha kuku basi," akasema.

Alianza siku ileile. Alikunjua kitambaa safi, akafungua nyekundu na nyeupe moja moja, akamimina vipunje kwenye ganda jeupe kwa mkunjo wa karatasi, bila kudondosha hata kimoja. Niliuliza kuhusu lile ganda la jelatini lililogusana na vipunje, kwa kuwa namjua, nilijua swali hilo litakuja. Akanijibu kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi, hilo alisomeshwa madrasani kabla mimi sijazaliwa. Safari hii yale maganda mekundu aliyatupa chooni, yote. Mkono wake ulioizoea njiti ya shubiri ulikwenda haraka kuliko wangu. Nilikaa namwangalia, na niseme kweli, nilimpenda mno saa ile, nikaogopa mno pia. Alimeza moja kwa maji, akapapasa koo, akasema, "Yateleza kama bamia."

Tulirudi hospitali Shaabani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama alilala kwangu Nguvumali, na asubuhi alivaa kanga mpya. Mpira ukapita. Daktari akatuita. Vidonda vidogo vimekwisha. Kile kirefu kimejaa nyama nzuri, changa, kimeziba sehemu kubwa, kimebaki kama mstari. Hakutakuwa na kisu.  Mama alisema alhamdulillahi, kisha akauliza swali lake.

Daktari alikunja tena midomo. Alisema dawa inaweza kuliwa wakati wa daku, hilo linawezekana. Alisema pia kidonda bado kibichi, na tumbo tupu kutwa nzima linaweza kukifungua, au lisikifungue. Wengine hufunga na wakawa salama. "Sitakukataza, Mama," akasema. "Ni ibada yako."

Tulitoka, tukasimama penye kivuli. Nilijua amelisikia neno analolitaka. Nilijua pia kwamba katika mtaa wake hakuna mtu wa rika lake anayekula mchana wa Ramadhani, na kwamba kwake yeye kula ni kama kutembea uchi. Ameungoja mwezi huu mwaka mzima. Amemeza, amepimwa, amebeba aibu mpaka milango ya watu kwa ajili yake.

"Daktari amenihurumia," akasema. "Nimemwona. Amenipa maneno ninayoyapenda." Akanishika mkono kwa kile kiganja chake kigumu. "Siku ile ya ganda ungeweza kunidanganya, nami ningekuamini. Hukunidanganya. Sasa niambie. Nifunge?"

Nilimtazama. Nilitaka kumpa. Wallahi nilitaka kumpa mwezi wote na siku sita za sunna za Mfungo Mosi juu yake.

"Usifunge, Mama," nikasema. "Mwaka huu usifunge."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa taratibu, akaniachia mkono, akajifunga vizuri kanga yake mpya, akasema twende.

Ramadhani ilipoandama nilikuwa Ushongo. Mchana wa siku ya kwanza kijiji kilikuwa kimya, majiko yote yamezimwa. Niliwasha moto wa Mama peke yake, nikapika uji na samaki wa kuchemsha, nikafunga mlango wa uani. Nilimpakulia mimi, nikiwa nimefunga saumu, nikaketi mbele yake mkekani asile peke yake. Alisema bismillahi kwa sauti ndogo, akaanza kula, na machozi yalikuwa yanadondoka ndani ya sahani, na hakuacha hata tonge moja.